Majaji Watatu Waliomwamini Papa

Nikinusa shampuu ya tufaha, ile ya kijani ya bei rahisi inayouzwa kwenye chupa kubwa, moyo hunishtuka kabla sijajua kwa nini. Juzi nilipishana na mama mmoja dukani hapa Riverside, Buffalo, nywele zake zikinukia hivyo hivyo, nikasimama katikati ya mchele na unga mpaka mtu akaniomba njia. Msinicheke. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, na bado harufu hiyo hunirudisha kwenye bafu letu la South End, Louisville, nikiwa na miaka kumi na miwili, kichwa kimejaa povu, macho yananiwasha, na mlango wa mbele unagongwa kwa ngumi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, mimi na Papa. Mama tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya kuja Amerika. Nilisikia kitasa, nikasikia viatu vizito, nikasikia watu wakipaza sauti kwa Kiingereza. Nilipojipangusa na kuchungulia, nguo zetu zote zilikuwa sakafuni na Papa hakuwepo. Nilimwona kupitia dirisha, amekaa ukingoni mwa parkingi na singlendi yake ya kulalia, pingu mikononi, baridi ya mwezi wa pili inampiga, na jengo zima limetoka kutazama. Walikuwa askari watatu wa idara ambayo sitaitaja, wanamtafuta mtu aliyehama kwenye nyumba hiyo hata kabla sisi hatujafika. Kibali cha jaji hawakuwa nacho. Baada ya saa nzima walimfungua, wakaingia kwenye magari yao, na hakuna aliyesema pole.

Kwenye ripoti waliandika kwamba Papa ndiye aliyewaruhusu kuingia, kwa sababu alifungua mlango akarudi nyuma hatua mbili. Papa alisema alirudi nyuma kwa sababu ya bunduki. Kule kwetu milimani, wenye bunduki wakifika mlangoni, unarudi nyuma, mikono yako ionekane, na unamshukuru Mungu ukibaki hai. Basi Papa alipowashtaki, kesi yetu yote ilikuwa hatua hizo mbili.

Sasa niwaambie nyinyi jambo ambalo sikumwambia hata wakili wetu. Sikumwamini baba yangu. Papa alikuwa mtu wa kusema "karibu, karibu" kwa kila mtu. Aliwakaribisha wauza intaneti, aliwakaribisha wahubiri wa dini nyingine, na siku moja kijana wa pizza aliyekosea namba ya mlango alitoka kwetu ameshiba chai. Nikawaza moyoni, alisema tu karibu kama kawaida yake, na sasa anaona haya. Wakili aliponiuliza nilisikia nini, nilijibu kwamba maji yalikuwa yanapiga kelele. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Jaji wa kwanza, pale Louisville, aliitupa kesi. Alisema askari yeyote angeweza kudhani amekaribishwa, na kwa hiyo hawawezi kushtakiwa. Wakili wetu, dada mmoja mzungu mwembamba aliyekuwa anakula chakula cha mchana akitembea, akakata rufaa. Hapo ndipo watu walipoanza kutukwepa. Kanisani walitusalimia kwa mbali. Serikali hii ndiyo ilitutoa kambini, walisema, na huyu anaishtaki! Shangazi Riziki alimpigia Papa, kaka yake, simu kutoka Columbus analia: "Yaya, wacha hiyo maneno. Batatunyima makaratasi sisi bote." Jumapili Papa aliendelea kupika sombe, majani yetu ya muhogo, ya watu kumi, kwa mazoea, na hakuna aliyekuja. Tulikuwa tunaila mimi na yeye mpaka Jumatano, na mimi nilimchukia kidogo kwa ajili ya viti vile vitupu.

Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuwa Cincinnati. Wakili alieleza kwa simu na mimi nikatafsiri: majaji watatu, hakuna mashahidi, mawakili peke yao, dakika kumi na tano kila upande, na Papa si lazima aje. Papa akacheka. "Mwanangu, umetafsiri mubaya. Bataamua shauri ya mutu bila kumuona uso?" Kwao mwenye shauri alisimama mwenyewe mbele ya watu, akasema lake, wakamtazama machoni. Hakuna simu ambayo ingeweza kumtoa hilo kichwani.

Basi tukaanza mazoezi. Kila jioni kabla ya kwenda zamu yake ghalani, alivaa koti la suti juu ya nguo za kazi, akasimama mbele ya kochi, nami nikakaa na daftari kutafuta Kiingereza cha maneno yake. "Bon, tuanze tena." Yalikuwa mafupi: Mi sikusema baingie. Niliona bunduki, nikarudi nyuma. Mutoto wangu alikuwa ndani, niliogopa bamupige.

Siku ilipofika tulikaa safu ya mwisho ya ukumbi ule mkubwa, Papa ananukia dawa ya viatu. Mawakili walisimama zamu kwa zamu mbele ya taa ndogo iliyogeuka kijani, njano, nyekundu. Waliongea juu ya kesi za watu wengine, za miji mingine. Kisha jaji mmoja mwanamke akauliza: alirudi nyuma kabla ya kuona silaha, au baada? Nikamnong'oneza Papa, na Papa akanyoosha mkono. Mungu wangu! Alinyoosha juu kabisa, kama mtoto darasani, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Nikauvuta chini kwa mkono wa koti, uso unaniwaka. Taa ikawa nyekundu, wakaita kesi nyingine. Tukarudi Louisville.

Hukumu ilikuja baada ya miezi kadhaa. Niliisoma kwenye kochi, kamusi mapajani, Papa amesimama. Waliandika kwamba kurudi nyuma mbele ya bunduki si kumkaribisha mtu, na kwamba kesi isikilizwe. Na mahali fulani mwanzoni waliandika kwamba wanachukua maelezo yake kuwa ya kweli. "Papa," nikasema, "wameandika kwamba wamekuamini." Alijifunika uso kwa taulo la jikoni akalia kwa sauti. Kisha akampigia Shangazi, akampigia mchungaji, akampigia kila mtu. Baadaye, kabla kesi haijafika mbele ya wazee wa baraza, wale wa upande wa pili wakataka yaishe kwa maelewano, kwa karatasi iliyosema hakuna aliyekosa. Papa akatia sahihi bila kinyongo. Majaji watatu walikuwa wamemwamini, angetaka nini tena?

Miaka miwili iliyopita nilisomea ukalimani wa mahakamani hapa Buffalo. Mwalimu akaweka ubaoni sentensi ile ile ya kuchukua maelezo kuwa ya kweli, pamoja na maneno niliyoyaruka nikiwa mtoto kwa sababu sikuyaelewa: katika hatua hii. Ni kanuni, akasema. Majaji wa rufaa hawajui nani anasema kweli. Wanachukulia tu kwamba mlalamikaji anasema kweli, waone kama anastahili kusikilizwa. Nilitoka nikakaa ndani ya gari langu nikalia. Ni kweli walifanya jambo kubwa, na leo mawakili wa Kentucky na Ohio hulitaja jina la Papa askari wanapoita woga wa mtu ruhusa. Lakini hakuna jaji aliyewahi kumwamini.

Papa sasa anaishi kwa Shangazi, Westerville, nje kidogo ya Columbus, na kila mgeni lazima asikie habari za majaji watatu. Sijamrekebisha, wala sitamrekebisha. Mimi mwenyewe namwamini leo, nimechelewa, kwa sababu katika jioni zote zile hakubadilisha hata neno moja. Kinachoninyima raha ni kwamba kila alipomaliza maneno yake alinyamaza na kuniangalia, muda mrefu, mimi niliyekuwa mtu pekee aliyeyasikia. Nilidhani anangoja kujua kama Kiingereza kimekaa vizuri. "Iko sawa, Papa," nikamwambia, nikafunga daftari.