Mkono Mmoja Mfukoni

Rugaibula alijifunza redio kwa kupigwa, akaifundisha kwa kupiga. Njia nyingine hakuijua.

Alizaliwa Izimbya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Baba alimchapa. Vita ilipokuja akaingia Keya, jeshi la Waingereza, na huko sajini akamchapa. Sajini yule alikuwa na mkanda. Ukikosea alama moja ya kupeleka habari, mkanda unashuka. Siku moja ulishuka kwa upande wa chuma, ukamtoboa shavu. Alama ile hakuikosea tena maisha yake yote. Redio aliipenda hivyo hivyo, na damu mdomoni. Akaibeba mgongoni mpaka Burma, akarudi mzima. Wengi walioondoka naye hawakurudi.

Serikali ikampa karakana Bukoba mjini, nyumba ya bati karibu na ziwa, yenye injini ya umeme uani. Mkuu wake alikuwa Mzungu mmoja, lakini huyo alishinda ofisini. Darasa lilikuwa la Rugaibula. Vijana kumi na wawili, wameshaota ndevu, wafundwe miaka miwili kisha wapelekwe kwenye vituo vya redio vya serikali. Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kiingereza. Walikikariri kama katekisimu. Mwaka ukapita, hakuna aliyefungua redio hata moja. Aliyekwama kwenye mstari alionja kiboko kilichoning'inia msumarini kando ya ubao.

Kulikuwa na kijana wa Kimwani aliyeitwa Mutalemwa. Mpole, mrefu, mkono wake haukutetemeka akishika waya. Siku moja Rugaibula alimpa bisibisi, naye akaipokea kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika koleo.

"Umepokea kwa mikono mingapi?"

"Mmoja, mwalimu."

"Kwenu Kimwani kitu cha mkubwa kinapokelewa hivyo?"

"Hapana, waitu," alisema, neno la heshima la kwao.

"Basi aliyekufundisha ni nani? Mbuzi?"

Wengine walicheka, maana usipocheka zamu ni yako. Rugaibula akamchapa kumi na mbili, sita kila kiganja, mpaka ngozi ikapasuka. "Mikono miwili," alisema kila kiboko kiliposhuka. "Mikono miwili. Mikono miwili."

Lukmani wa Kashai, mtoto wa fundi cherehani, mdomo wake haukuwa na mlango. Akauliza, "Mwalimu, na umeme wenyewe unapita mkono upi?"

Naye akala sita, za mgongo. "Ukinikatiza tena nitakung'oa ulimi," Rugaibula alimwambia.

Siku ya tatu yake Rugaibula alitaka waone mtambo wa kupeleka sauti hewani. Aliutoa utumbo wake kwenye kasha: bamba la chuma lililojaa taa na nyaya, limefungwa juu ya kipande cha ubao. Ukishika ubao huumii. Aliamini amezima swichi. Hakuizima. Taa nyekundu ya kasha la mtambo ilikuwa ikiwaka nyuma ya mgongo wake, yeye haioni, darasa zima linaiona. Lukmani aliitazama. Akafumbua mdomo. Akaukumbuka mgongo wake, akaufumba.

"Mutalemwa. Shika, uwaonyeshe wenzako."

Mutalemwa akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili. Wa kulia ulishika chuma. Wa kushoto ulipita chini kutegemeza, kama alivyofunzwa, ukakuta waya ulio wazi. Umeme ukaingia mkono huu ukatafuta kutokea mkono ule, na njiani kuna moyo.

Hakulia. Meno yalijifunga. Mikono ilikamata kile chuma kama inataka kukivunja. Macho yalimtoka. Rugaibula alimpiga teke la kifua, akaanguka chali na mtambo juu yake, bado ameushika. Mtu akakimbilia injini. Ilipozimwa, viganja vilikuwa vimeungua hadi mfupa, juu ya vile vidonda vya kiboko.

Mzungu aliandika kwamba kijana hakufuata maagizo. Rugaibula aliisikiliza karatasi hiyo ikisomwa. Alijua kwamba yalifuatwa.

Maiti aliipeleka mwenyewe. Wenzake walimwambia tuma mtu. Akapanda lori na jeneza, kutwa nzima mpaka Kimwani. Akamkuta baba wa marehemu, mzee Kamugisha, mgombani, na muhoro wake wa kupogolea mkononi.

"Nani huyo ndani?" mzee aliuliza.

"Ni Mutalemwa, waitu. Nilimpa kitu chenye umeme. Mimi ndiye mwalimu."

Ndugu wa marehemu walimrukia kabla hajamaliza. Walimpiga kwa mipini ya majembe, wakamvunja mbavu mbili, wakamburuta juu ya majani makavu ya migomba. Hakujikinga. Kisha Kamugisha akasema waachane naye. Akamkalisha kwenye kisiki.

"Ulimpa kwa mkono gani?"

Rugaibula akanyoosha wa kushoto. Kwa kweli alikuwa amempa kwa wa kulia, lakini wa kulia ndio unaochomelea nyaya. Mpaka kufa alijionea aibu kwa kuchagua vile. Muhoro ukashuka mara moja. Vidole viwili vikabaki kwenye kisiki.

"Nenda," Kamugisha alisema. "Nikikuona tena, ni shingo."

Hospitalini alisema alijikata akipogoa migomba. Daktari alimtazama mbavu, asiulize.

Mke wake aliitwa Ephrasia. Mwanamke wa maneno machache. Alimfunga mkono kila asubuhi, akamlisha uji. Siku ya tisa Rugaibula akamwambia, "Lukmani aliiona taa. Wote waliiona. Watu kumi na mmoja, hakuna aliyesema."

Ephrasia akaendelea kufunga kitambaa.

"Uliwafundisha kukuogopa wewe," alisema. "Hofu ya umeme waitoe wapi? Imeshaisha."

Rugaibula alilala na neno hilo siku nyingi. Akajua siku atakayokosea tena, na atakosea, maana ni binadamu, ama mmoja wao atamwambia hapana, ama atapanda tena lori na jeneza.

Aliporudi darasani walisimama wima kama askari. Akatoa kiboko msumarini. Wakaanza kukunjua viganja.

"Lukmani. Kitwae hiki."

Lukmani akakipokea kwa mikono miwili.

"Nani kakwambia miwili? Mmoja! Wa kushoto mfukoni!"

"Mwalimu, sina mfuko."

Ilikuwa kweli. Kaptula za karakana hazikuwa na mifuko. Basi Ephrasia akakusanya kaptula kumi na moja, akazishonea kila moja mfuko wa kushoto kwa kitambaa cha magunia. Walionekana kama wauza karanga. Mjini walitaniwa sana.

Sheria mpya ilikuwa hivi. Karibu na umeme, mkono wa kushoto unakaa mfukoni, awe anakupa kitu mwalimu, padri au mkuu wa wilaya. Kitabu kikafungwa mpaka saa sita. Asubuhi ni kufungua redio na kuirudisha. Na kila asubuhi mwalimu atafanya kosa moja kwa makusudi. Ataacha swichi, atafunga waya pasipo pake, atasema uongo mmoja wa umeme. Atakayeliona aseme, "Hapana, mwalimu," kisha amchape mwalimu kiboko kimoja cha mgongo. Lisipoonekana mpaka mchana, wote wanaifungua redio upya, njaa ikiwauma.

Siku tatu za kwanza hakuna aliyesema. Waliona, wakatokwa jasho, wakakaa na njaa. Siku ya nne Rugaibula akampa Lukmani waya wa moto.

"Ha... hapana, mwalimu. Swichi."

"Vizuri. Chapa."

Lukmani akamgusa mgongo kama anafukuza nzi.

"Hivyo ndivyo nilivyokuchapa mimi?"

"La, mwalimu."

"Basi nirudishie changu."

Lukmani akafumba macho, akamchapa. Shati likachanika. Rugaibula akageuka, machozi yanamlenga, akasema, "Sasa nieleze kwa nini waya ule ungekuua, na umeme ungepita njia gani." Lukmani akaeleza. Alieleza vizuri kuliko kitabu, kwa sababu alilazimika kufikiri mwenyewe. Kuanzia hapo midomo ikafunguka. Walianza kuvizia makosa yake kama mwewe anavyovizia vifaranga. Wiki nyingine mgongo wake ulitoka damu mara tano. Jioni Ephrasia alimpaka mafuta, akasema, "Leo wamesoma sana."

Mzungu alichungulia mara moja, akaona mwalimu anachapwa na mwanafunzi. Akarudi ofisini, akafunga mlango.

Ephrasia alikufa masika yaliyofuata. Homa, siku nne. Rugaibula alimzika Izimbya, akarudi kazini. Hakuna la kuongeza hapo.

Mwaka ule darasa jipya likaja, na ndani yake kijana mrefu mwenye mkono usiotetemeka. Rugaibula hakuhitaji kuuliza jina la baba. Aliuliza hata hivyo.

"Projestus wa Kamugisha, wa Kimwani. Mutalemwa alikuwa kaka yangu."

"Baba anajua uko hapa?"

"Anajua niko kwa shangazi Kashai, nauza samaki."

"Rudi nyumbani."

"Sirudi. Nataka kujua kilichomuua."

Rugaibula alitaka kumfukuza, akashindwa. Alichukua kaptula yake akaishonea mfuko mwenyewe, kwa vidole vitatu na sindano ya marehemu. Mfuko ukaenda upande, kama mdomo wa mtu aliyepigwa.

Miezi mitano ikapita. Kisha mtu aliyeleta kahawa mjini akarudi Kimwani na habari.

Ilikuwa asubuhi, injini inanguruma uani. Rugaibula alikuwa ameshafanya kosa lake la siku, na ameshachapwa. Utumbo wa mtambo, uleule, ulikuwa mikononi mwake juu ya ubao wake. Alikuwa akigeuka amkabidhi Projestus. Mlango ukapigwa teke. Kamugisha akasimama pale na muhoro.

"Nilikwambia shingo," alisema.

Swichi ikamtoka Rugaibula akilini kabisa. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka nyuma yake, safari hii si kwa makusudi, naye hajui. Akawaza jambo moja tu, kuwa na mikono mitupu mzee akimfikia, asije akadhani anataka kupigana. Akamsukumia Projestus ule ubao.

"Shika."

Projestus alimtazama mwalimu. Akamtazama baba yake. Mbele ya baba, kitu cha mkubwa, mtoto wa Kihaya anajua goti linakwenda wapi na mikono inakwenda wapi. Tangu ananyonya anajua. Goti lake likaanza kukunjika. Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni.

Rugaibula akaiona taa kwenye macho ya yule kijana, nukta mbili nyekundu. Akataka kuvuta nyuma. Vidole vitatu vikateleza, ubao ukainama.

Projestus akarudisha mkono mfukoni.

"Hapana, mwalimu. Taa inawaka. Sishiki."

Kofi la Kamugisha lilisikika kuliko injini. Projestus alipepesuka, damu ikamtoka puani, lakini mkono ulibaki mfukoni.

"Unamjibu mtu mzima hivyo? Mkono mfukoni? Mbele yangu? Hata kama ni mbwa huyu, ni mkubwa wako!"

Rugaibula aliweka ubao mezani taratibu. Akazima swichi.

"Mzee," alisema, "kaka yake alipokea kwa mikono miwili. Nilimchapa mpaka akajua kupokea kwa mikono miwili. Angenijibu kama huyu, leo angekuwa anakupogolea migomba."

Kamugisha alitazama ubao. Alitazama taa iliyozimika. Akamtazama mwanawe, anayevuja damu na mkono hautoki.

"Tata," Projestus alisema, "kuna sheria. Mwalimu akikosea anachapwa kimoja."

Akatoa kiboko msumarini. Rugaibula akageuka, akavua shati. Mgongo wake ulikuwa kama shamba lililolimwa. Kamugisha aliusoma mgongo ule kwa muda. Kisha akaweka muhoro chini, akamnyang'anya mwanawe kiboko.

Alimchapa kimoja. Kilipasua ngozi toka bega mpaka kiunoni, Rugaibula akaanguka kwa magoti, akang'ata mkono asipige kelele. Mzee akainua tena. Projestus akamshika mkono wa baba yake hewani, kwa mkono mmoja.

"Kimoja, tata. Alikosea mara moja."

Walibaki hivyo, baba na mtoto. Mzee ndiye aliyelegeza kwanza. Akakaa kwenye benchi. Akalia kilio kibaya, kama mtu anayetapika. Wanafunzi wakatazama chini.

Alikaa pale mpaka saa sita. Aliwaona wakifungua redio na kuirudisha. Injini ilipozimwa, akainuka, akaokota muhoro wake, akamwita mwanawe mlangoni.

"Utamaliza lini?"

"Mwaka kesho, tata."

"Ukija nyumbani, adabu hii uiache hukuhuku." Akamwangalia kaptula. "Na mfuko wenyewe nani kaushona? Umekwenda upande."

"Mwalimu, tata. Mke wake alikufa."

Kamugisha akachungulia. Ndani, Rugaibula alikuwa ameinama, kijana mmoja wa darasa lile, naye mdomo bila mlango kama Lukmani, anamwagia maji mgongoni, na wote wanabishana kwa sauti waya upi ulikuwa na moto.

"Mwambie akaze uzi," mzee alisema, akaenda zake.