Blogu ni ya binamu yangu, nywila ninayo mimi

Admin, ficha jina langu kabisa, maana hata nyumbani kwetu peji hii inasomwa. Hili sijamwambia mtu, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja: ninamwonea wivu binamu yangu mpaka nikimsikia anacheka naumia.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, tunaishi Kiseke. Ni mwoga wa watu. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini mdomo haufunguki. Kuandika ndiko ninakoweza. Huyo binamu, nitamwita Neema, ni mtoto wa shangazi. Tunalala chumba kimoja na tunatumia simu moja.

Mimi ndiye niliyetaka kufungua blogu. Nikasoma habari za zile za bure, ambazo kampuni inakuhifadhia maandishi yako bila kulipa. Maelezo yote Kiingereza, nikawa namtafsiria Neema. Nikamwambia hii ina sura nzuri, lakini wanaweka matangazo yao na hayatoki mpaka ulipie, na ukitaka kuhama huwezi kutoa maandishi yako kwa pamoja. Hii nyingine haivutii, ila siku ukiondoka unabeba vitu vyako vyote.

Akacheka. "Dada, wewe unachagua blogu kama unachagua mchumba." Akachukua ile nzuri, akajisajili kwa barua pepe yangu kwa sababu yeye hakuwa nayo, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaandika. Mimi nikaendelea kulinganisha. Mpaka leo nalinganisha.

Blogu yake inasomwa. Baba, ambaye hajawahi kuniuliza naandika nini, anaisoma kwa sauti baada ya kula. Inayopendwa kuliko zote ni habari ya bibi, siku alipopanda kivuko cha Kamanga akavua viatu na kuvishika mkononi, kwa sababu kwake ziwa ni nyumba ya watu. Abiria wakamcheka, akawajibu, "Nyie ingieni na matope yenu." Jamani, aliyekuwa na bibi siku hiyo ni mimi. Neema hakuwepo. Nilimsimulia tukiwa kitandani, yeye akaandika "mimi na bibi". Baba alipomaliza kuisoma akanigeukia: "Unaona mwenzako? Na wewe uwe unachangamka." Nikasema ndiyo baba, nikaenda kuosha vyombo.

Juzi, chini ya habari hiyo limetokea tangazo la kamari. Baba kakasirika: "Mama yangu na kamari wapi na wapi?" Neema akanijia mpole. "Dada, nihamishie kule ulikosema. Wewe ndiye unayejua."

Kwa hiyo mchana huu nimejifungia chumbani nanakili moja moja. Akaunti ni yangu, nywila ni yangu. Kitufe cha kufuta blogu nzima nakiona hapa. Nikikibonyeza nikasema imepotea wakati wa kuhama, nani atabisha? Neema mwenyewe anajua nilionya.

Nimehamisha zote, imebaki ya bibi. Nikiihamisha na hiyo "mimi na bibi" yake, nitakuwa nimemwandikia uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiifuta, baba atakosa kitu anachokipenda. Nikiidai, wataniambia nina wivu, na kweli ninao. Na mimi nimeiandika ya kwangu, ina jambo ambalo Neema halijui: kwamba bibi alipochekwa, na mimi nilivua viatu, mimi ninayeogopa hata kutazamwa. Imo kwenye simu hii hii. Hakuna aliyeisoma.

Nyie mliokulia chumba kimoja na mtu anayependwa kuliko nyie, mlifanyaje? Mimi nifanye nini?

Namsikia anarudi kutoka dukani, kandambili zake zinapiga sakafu ya korido. Siku zote nikizisikia naifunga habari yangu haraka na kuigeuza simu kifudifudi. Leo nikishatuma huu ujumbe naifungua, naiweka simu kitandani, kioo juu.

Ameshafika mlangoni. "Dada, umemaliza?"

Natuma.