Kamba za Fundi Matano

Kila mwaka mvua za Machi zilipokaribia, fundi Matano aliacha cherehani yake barazani akapanda juu ya paa kwenda kuifunga nyumba. Alizitandaza kamba za usumba, zile za nyuzi za makumbi ya nazi, juu ya mabati, akazishusha pande zote mbili na kuzikaza kwenye vigingi alivyovipigilia ardhini. Kamba hizo aliziagiza kwao, kisiwani Mafia, maana katani ya huku bara, alisema, haina adabu mbele ya upepo.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa mzaliwa wa Iringa. Kwa miaka sita tangu wahamie Mbeya alikuwa akimweleza neno lile lile: nyumba yao iko chini ya mlima, na maji ya mlimani hayapitii paani, hupitia mlango wa nyuma. Achimbe mfereji. Matano huitikia, "Inshallah, Mama Jaha," kisha huyo, juu ya paa. Mwaka ule wa 1954 Mwanahawa alichoka kuomba. Aliuchimba mwenyewe, siku tatu, mpaka viganja vikamtoka malengelenge.

Alhamisi jioni alirudi sokoni akamkuta mumewe ameinama nyuma ya nyumba, anapigilia vigingi ndani ya mfereji na kuvishindilia mawe visilegee.

"Baba Jaha! Huo ni mfereji!"

"Umenirahisishia kazi. Nimekuta shimo tayari."

Mwanahawa aliketi juu ya kikapu chake cha viazi.

Jirani yao Jailos, mkulima na mzee wa kanisa, alikuwa amekuja kutazama koti lake. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, na koti hilo jeusi la sufu lilibakiza vifungo tu. Hakuwa na lingine.

"Fundi, hii nyumba yako ni mbuzi?" aliuliza. "Imewahi kutoroka?"

"Cheka tu. Nilikuwa na miaka saba tufani ilipochukua paa letu. Nililiona kwa macho yangu likipita juu ya minazi kama mkeka."

Mwanahawa alikwisha kuisikia habari hiyo mara mia, na kila mara hasira yake ilipungua kidogo, jambo ambalo nalo lilimuudhi.

"Yaondoe hayo mawe," alisema.

"Kesho, nikitoka msikitini."

Mvua haikungoja. Ilishuka Ijumaa adhuhuri, mvua ya mawe na upepo wake, Matano akiwa kwenye sala. Maji ya mlimani yalifika kwenye mfereji, yakagonga mawe ya vigingi, yakageuka na kuingia ndani bila hodi. Koti la Jailos lilikuwa mkekani. Mwanahawa alilinyakua ncha zake zikiwa karibu kulowa, akatafuta pa kuliweka, na kilichokuwa karibu ni kipande cha usumba kilichobaki. Akalifunga kwenye boriti. Kisha akachukua jembe, akatoka kwenda kuyang'oa yale mawe.

Maji yalifuata njia yake mara moja. Lakini kigingi kimoja nacho kilifuata maji, kamba ikalegea, na bati la pembeni likaanza kupiga makofi. Mwanahawa aliidaka kamba, akaukita mguu ukutani, akavuta, huku akimtaja mumewe na ukoo wake wote mpaka baharini.

Hivyo ndivyo Matano alivyomkuta, upepo ukiwa umekwisha kutulia.

Uso wake ulichanua. "Sasa umeamini?"

"Shika," alisema Mwanahawa, akamkabidhi kamba, akaingia ndani kukomba maji.

Punde akaja Jailos, matope hadi magotini. Upepo ulikuwa umeondoka na paa la jiko lake. Alilitazama koti likining'inia kavu, akashusha pumzi, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama fundi anayo kamba ya akiba.

"Ipo," Mwanahawa alijibu bila kumngoja mwenyewe. "Njoo na jembe, shemeji, umfundishe huyu kuchimba."

Kutoka nyuma ya nyumba Matano aliita, "Mama Jaha! Hii kamba niiachie lini?"

"Inshallah, Baba Jaha," alisema Mwanahawa, akaendelea kukomba maji.