Ngombe ya mahari yenye ilipoteza pembe

Leo mutu amekuja kuchukua ngombe ya mahari, na mi niko na ngombe haina pembe.

Usiogope, ni ya udongo. Naitengenezaka kwa mukono, huku Nengo. Mzee mumoja wa Bugeshi aliniagiza moja ya kuweka mbele ya wakwe kesho, juu ngombe ya kweli itabakia kwenye malisho.

Wiki muzima nilihangaika na pembe tu. Ndefu, zimepinda vizuri.

Asubuhi nafungua tanuru ya kuni. Mwili umeiva bien. Pembe zote mbili ziko kwenye majivu.

Mzee akafika. Nikaanza kulaumu kuni mbichi. Hata hakusikiliza.

"Mama, pembe ni ya nini? Siye Bugeshi tunazikata. Zinaumiza batu."

Nikapumua.

Akaigeuza tumbo juu, pole pole, kama mutu iko sokoni.

"Na kiwele iko wapi?"

Wiki muzima ya pembe, jameni. Kiwele sikuifikiria hata kidogo.

"Unataka nipelekee wakwe dume?"

Nikajibu bila kupepesa macho: "Mzee, hiyo ni mutamba. Haiyazala bado."

Akaniangalia sana. Akaifunga kwenye kitenge.

"Bon. Unajua desturi: ikizaa, wakwe wanarudishia batoto wenye wameoana ndama. Donc ndama utaitengeneza we."

Akaenda.

Kwa hiyo ngombe yangu ya udongo iko na mimba. Pongezi muweke hapa chini.