Mfuko wa Aproni ya Mama

Mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kibichi kikipigwa pasi ya makaa, naona aproni nyekundu imetandazwa kwenye meza yetu kule Ruiru, na mama anasukuma pasi huku akiimba wimbo wa kanisani nusunusu, maana ubeti wa pili hakuwahi kuujua.

Mama alikuwa weita katika hoteli moja ya Thika, karibu na soko. Usifikirie hoteli ya kulala. Ilikuwa ya chai na mandazi asubuhi, githeri na matumbo mchana. Aliondoka kabla sijaamka, na bado aproni yake ilikuwa safi kuliko sare yangu ya shule. "Mtu akikuletea chakula, kwanza unamwangalia nguo," alikuwa akisema. Alibeba sahani sita kwa mikono miwili na kukumbuka ni nani aliyekataa dhania kwenye supu. Niliona hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Bado naona hivyo, na anayebisha aje tubishane.

Sasa, aproni hiyo ilikuwa na mfuko mkubwa mbele, umeshonwa mdomo. Nilikuwa darasa la nne, mjuaji wa kila kitu, nikaamua fundi alikosea. Jumapili moja mama akiwa amelala mchana, nilichukua wembe wangu wa kuchongea penseli nikakata uzi polepole, kisha nikaweka peremende ndani ili afurahi akiipata. Nilijipongeza sana.

Kesho yake nilitoka shule kuja kula chakula cha mchana, nikamkuta nyumbani. Mama, nyumbani, mchana. Alikuwa ameketi kitandani na aproni mapajani, peremende yangu mkononi.

Kumbe mwenye hoteli ndiye aliyeagiza mifuko yote ishonwe, ili tipu isipate pa kukaa. Pesa yoyote ambayo maweita waliachiwa na mteja iliingia kwenye mkebe pale kaunta, eti watagawana mwisho wa mwezi. Lakini sahani ikivunjika, mkebe unalipa. Mteja akila na kutoroka, mkebe unalipa. Hawakuwahi kugawana kitu, na mshahara wenyewe uliishia kwa kodi ya nyumba. Asubuhi hiyo manenja alikuwa ameona mfuko wa mama uko wazi, akamwita mwizi mbele ya wateja, akamwambia aende zake, arudi kesho mwenye hoteli aseme kama bado ana kazi.

Nililia mpaka nikapata kwikwi.

"Nyamaza, mami," akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Si uwaambie ni mimi? Watakusamehe."

"Wanisamehe nini, na sijaiba?"

Hakunigombeza hata kidogo. Aliwasha makaa, akaipiga aproni pasi na mfuko ukiwa wazi vilevile, akaikunja. Halafu akaniambia, "Hebu nipatie huo wembe wako." Nilidhani anataka kukata kucha.

Siku iliyofuata alirudi jioni akinuka vitunguu, nikajua kazi ipo. Nilichouliza ni wembe wangu. Ulikuwa butu kabisa, haukuweza hata kuchonga penseli. Nikamnunia, nikalalamika kwamba nitachekwa shule. Mama akacheka, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa shilingi kumi. "Pole, mami. Nunua mwingine."

Miaka ikapita. Mwaka jana, siku ya ruracio yangu, watu wa mume wangu walipokuja kuzungumza mahari, Tata Nyambura alikuwa jikoni akipangusa sahani. Si shangazi wa damu; alifanya kazi na mama hoteli hiyohiyo.

"Ngai, mama yako," akaniambia. "Ile asubuhi alikuja na wembe. Akatuambia, mimi sitashona wangu. Anayetaka, huu hapa."

Wembe ulipita mkono kwa mkono kabla mlango haujafunguliwa. Mwenye hoteli alipofika alipata maweita saba, mifuko saba iko wazi, na watu wa soko wamejaa wakingoja chai. Alifoka, akatishia kuwafukuza wote, kisha akaangalia zile meza. Chai haingejipeleka. Mshahara haukuongezwa hata senti, na sahani zilizovunjika waliendelea kuzilipia. Lakini mifuko haikushonwa tena, na hakuna aliyewahi kusikia kwa mama kwamba aliyeanza ni mtoto.

Nilimfuata mama nyuma ya nyumba nikamwuliza mbona hakuniambia. "Ungeringa," akasema, akaendelea kuepua chai.

Najua sasa kwamba zile shilingi kumi ndizo tipu ya kwanza iliyowahi kukaa kwenye mfuko wake. Alinipa zote, nami nilizipokea nimenuna.