Tonge la Kubakisha

Mwanangu aliponiambia chuo kinatafuta nyumba za kuwapokea wanafunzi wa Kijapani, waje wakae na wenyeji wajifunze mila zetu, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nyumba yangu ya Mabela, huku Uarabuni, ina vyumba vitano na mtu mmoja, mie. Marehemu mume wangu aliijenga kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu wenyewe nnawaona kwenye simu.

Nikaletewa binti mwembamba, mpole, Kiarabu chake cha kitabuni, lakini tukaelewana. Nikapika kama tulivyokuwa tukipika Unguja akija mgeni: wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa bilingani. Akakutanisha viganja, akainamisha kichwa, akanong'ona neno la kwao, akala mpaka punje ya mwisho. Maskini mtoto wa watu, ana njaa! Nikampakulia tena. Akamaliza. Nikaongeza. Kwetu mgeni akishiba hubakisha tonge pembeni ya sahani. Sahani ikiwa nyeupe, mwenye nyumba huona haya, akanyanyuka kuongeza.

Ikawa hivyo kila mlo, na wallahi nilifurahi. Tangu marehemu aondoke hakuna aliyekula namna ile mezani kwangu. Nikawa nikiamka alfajiri nnajua nnaamkia nini.

Haikupita wiki, binti akalala kitandani anatapika, tumbo limemjaa kama ngoma. Mwalimu wao, mama wa Kijapani, akaja mbio. Wakazungumza kwa lugha yao, kisha akanigeukia. "Bibi, kwetu kubakisha chakula ni kumdharau aliyepika. Kila ukimpakulia, anajilazimisha."

Allah! Mie nnampakulia asinione bakhili, naye anakula nisijione nimedharauliwa. Nikamweleza mwalimu desturi yetu ya tonge, akamfasiria binti. Nilitaka kucheka, lakini mwalimu akaendelea: kuna familia nyingine yenye mabinti wa umri wake, huenda ikamfaa zaidi. Angekuja kesho baada ya chakula cha mchana kumuuliza mwenyewe anataka kukaa wapi.

Roho ilinipasuka. Na mie nikiumia huwa mkali. "Mchukueni hata leo," nikasema. "Mie sikumfunga kamba."

Mwalimu akaondoka. Nikaingia jikoni nikalia, mtu mzima mie, nimeshika mwiko.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Zamani Ijumaa wanangu wote walikuwa wanakuja kula. Sasa huja ujumbe: mmoja ana kazi, mwengine watoto wana mafua, samahani mama, wiki ijayo inshallah. Basi tukakaa wawili. Nikampakulia wali kidogo tu, nikakaa na mikono mapajani nisije nikashika upawa. Nilikuwa nnasubiri gari ya mwalimu isimame nje.

Akala taratibu. Zikabaki punje chache, akazikusanya kwa kidole, akazifanya tonge, akaliweka pembeni ya sahani. Nilijua linavyomgharimu lile tonge, mtoto aliyelelewa asitupe hata punje moja. Akaninyanyulia macho. "Nimeshiba, mama," akasema. "Mwalimu akija, nitamwambia nakaa hapa."

Nikaichukua ile sahani, nikalila lile tonge mwenyewe, jikoni, nimesimama.

Alikaa mpaka safari yao ilipokwisha. Siku ya kuondoka alinikumbatia mlangoni, kitu ambacho nasikia kwao si desturi, akaingia garini. Mwanzo aliniandikia kwenye simu mara kwa mara, sasa mara moja moja. Ndio mambo ya vijana, simlaumu.

Ijumaa bado nnapika wali wa nazi. Ujumbe unakuja, samahani mama, nnawajibu inshallah. Nnakula peke yangu, na nikishiba mkono wenyewe unabakisha tonge pembeni ya sahani. Nnalitazama. Hakuna mwenye nyumba wa kuliona ila mie.