Mshale Uliofika Mwisho

Klabu yetu ya dansi pale Kinondoni ilikuwa na rais, makamu wa rais, waziri wa ngoma na mkaguzi wa viatu. Fundi nilikuwa mimi peke yangu. Enzi zile za Mwingereza tuliona nchi inaendeshwa kwa vyeo, nasi tukajigawia vya kwetu.

Tulipopata jenereta kuukuu, nilikwenda Temeke kuazima amita, kile kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, kwa mzee mmoja mwenye karakana. Nilikuwa nampenda binti yake, na mzee alijua.

"Chukua," alisema. "Ukinirudishia nzima, lete washenga wako. Ukiniunguzia, usinikanyagie hapa."

Amita ile mwisho wake ampea kumi, na taa zetu pamoja na kipaza sauti vilivuta kama thelathini. Basi nikafunga waya mnene wa shaba ubavuni mwake, kutoka skrubu hii hadi ile, upitishe sehemu kubwa ya umeme, amita ipate robo tu. Ukishasoma, unazidisha kwa nne. Niliipenda kazi yangu, nikaanza kuwaza kanzu ya harusi.

Siku ya majaribio rais aliutazama mshale wa amita, uso ukamshuka.

"Mbona unaishia njiani? Wa wenzetu wa klabu ya Tandale unafika mwisho!"

"Sie umeme wetu mwingi kuliko wao, mheshimiwa. Mwingine unapita kwenye huu waya."

"Kwa ruhusa ya nani? Wageni watatazama mshale. Waya nani atautazama?"

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Jioni ya dansi nilikwenda kuchukua petroli. Nikiwa narudi nikasikia injini imeshawashwa, nikatimua mbio. Mshale ulikuwa umeruka, umegonga mwisho, umepinda na kunasa hapo hapo. Kukatoka moshi kidogo, taa zikazimika. Nilitaka kulia. Waya wangu ulikuwa mfukoni mwa rais. Nikauchomoa bila kumwomba radhi, nikaurudisha mahali pake, taa zikawaka. Umeme wote sasa ulipita humo, amita imeshakufa.

Lakini mshale ulikuwa mwisho. Wageni wa Tandale walisogea, wakautazama, wakatikisa vichwa. Watu wetu wakapiga vigelegele, rais akanipa mkono.

Hata injini ilipozimwa mshale haukushuka. Rais alikataa kata kata kifaa kirudishwe, akisema ni heshima ya klabu. Nilikwenda Temeke mikono mitupu. Shikamoo yangu mzee hakuiitikia.

Binti akaposwa na karani wa Ukonga, na harusini wakaikodi klabu yetu. Niliwasha jenereta moyo ukiniuma. Bwana harusi alikuja kuusifu mshale kwa sauti, rais akitabasamu pembeni.

Bibi harusi, aliyekulia karakanani, hakuutazama mshale. Aliutazama waya, kisha akanitazama mimi.